Tulipokaa Juu ya Baa ya Kona

Nyumba tuliyokulia ilinuka bia iliyomwagika kwenye mbao tangu kabla wazazi wangu hawajazaliwa. Harufu ilipanda kupitia nyufa za sakafu, ikaingia kwenye mablanketi na kwenye sare zetu za shule, na mama yangu, mwanamke wa kanisa la ngoma na kanzu nyeupe, aliipiga vita kwa sabuni na maombi miaka yote tuliyokaa pale. Tulipanga vyumba vya juu, Nairobi, pale Ziwani inapokaribia Soko la Burma, kwa sababu baba alikuwa mtu wa reli na alitaka kwenda kazini kwa miguu. Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la tano, na mdogo wangu Wekesa alikuwa bado ananyonya.

Sijaona tena jengo kama lile. Watu wa mtaa walisema lilijengwa na Mzungu wa reli enzi za Mfalme Edwadi wa Uingereza, aliyezikosa baa za kwao akaamua kujijengea moja. Pembe ya jengo ilikatwa ili mlango mkubwa utazame barabara mbili kwa mpigo. Nje ukuta ulivishwa vigae vya kijani mpaka kifuani mwa mtu mzima, na juu ya vigae kulikuwa na madirisha ya vioo vizito vyenye maua, vilivyopitisha mwanga lakini si macho, hivyo wake za watu walipita pale bila kujua ni nani aliyemo. Ndani kaunta ya mbao nyeusi ilipinda nusu duara, na katikati ya ukumbi ilisimama nguzo ya chuma, nyembamba, yenye majani ya chuma kichwani. Yote haya niliyaona kupitia kidirisha cha uani, ambapo zamani watu waliuziwa bia ya kubeba nyumbani. Mama hakuwahi kuyaona. Alikuwa ameapa mbele ya kanisa zima kwamba mguu wake hautakanyaga mle. Ngazi yetu ilikuwa na mlango wake wa barabarani, na ule mwingine mdogo, uliotoka chini ya ngazi kuingia baa, aliufunika kwa pazia.

Kila Jumamosi mchana akina mama wa kanisa walikuja kwetu na ngoma yao. Waliombea wagonjwa, wakawaombea waume wao, na mwisho kabisa, wakirukaruka mpaka vikombe vikacheza kabatini, waliomba baa ile ianguke. Waliomba kwa moyo wote, kwa sababu wengi wao mishahara ya waume zao iliishia pale chini. Nilishangaa kwamba tuliokuwa juu yake ndio tuliotaka ianguke, lakini kwetu mtoto hakuuliza watu wazima maswali ya aina hiyo.

Likizo ya Aprili, mvua ikinyesha bila kupumzika, baa ilipata mmiliki mpya. Alikuwa mtu wa haraka, mwenye sauti ya kuagiza, na alitaka meza ya pul, ule mchezo wa kugonga mipira kwa fimbo, katikati ya ukumbi. Nguzo ilikuwa inamzuia. Akaleta fundi, fundi akaigonga kwa nyundo akamwambia ni pambo tu la Wazungu. Jumamosi hiyo baba alikuwa zamu, na akina mama walikuwa wameshaanza kuimba, mama akanituma maji kwenye bomba la uani. Nikachungulia kidirishani kama kawaida yangu. Nguzo ilikuwa imelala sakafuni. Mahali pake palisimama boriti za mjengo, zile za kushikilia dari kwa muda, na fundi alikuwa ameitegemeza moja kwa bega, jasho linamtoka. Juu ngoma ilipiga, miguu ikatua, na vumbi jeupe likamwagika kutoka darini. Ngoma ikapiga tena, na dari ikashuka. Niliiona ikishuka kwa macho yangu.

Mzee Owino, mhudumu wa kaunta, ndiye aliyeniona. Hakupaza sauti. Akaniambia, "Nafula, panda uwaambie wanyamaze. Washuke mmoja mmoja, na mtoto."

Nilipanda mbio nikiogopa kila kidato. Ufa ulikuwa umeshafunguka ukutani, kuanzia dirishani hadi darini, na Mama Rasoa, mpiga ngoma, alikuwa ameuona kabla yangu. Aliuonyesha kwa kidole huku machozi yakimtoka kwa furaha. Walikuwa wameomba mwaka mzima, na sasa jibu lilikuwa linashuka mbele yao, wakaruka kwa nguvu zaidi. Nilimwita mama, nikamvuta kanzu, lakini macho yake yalikuwa yamefumbwa na ngoma ilimeza sauti yangu. Hofu ilinifanya nifanye jambo ambalo siku nyingine lingeniletea fimbo: niliirukia ngoma nikailalia kwa tumbo. Mlio ulikatika. Katika kimya kile sote tukasikia mbao zikilia chini ya miguu yetu.

"Nguzo ya chini imetolewa," nikasema.

Mama akamnyakua Wekesa kitandani. Tukashuka kwa vidole vya miguu, lakini mlango wa barabarani ulikataa, fremu ilikuwa imekwishapinda. Mama Rasoa akavuta lile pazia, na mlango mdogo ukafunguka. Akina mama wakapita katikati ya baa mmoja mmoja, kanzu nyeupe zikipangusa kaunta, wakatokea kwenye mlango mkubwa wa kona mbele ya watu wa Burma waliokuwa wakijikinga mvua. Mama alinisukuma nipite nao, akampa Mama Rasoa mtoto, kisha akabaki kizingitini.

"Mimi siingii kwa baa," akasema. Hakuwa anatania, na uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Mathe, hii kitu inakuja," fundi akamwambia mama, bega likimtetemeka.

Mzee Owino akaja akasimama mbele yake, chini kabisa ya dari iliyolegea. "Mama Nafula, pita kwanza. Kutubu utatubu ukiwa nje. Mimi siondoki kabla yako."

Mama alimtazama yule mzee ambaye kwa miaka hakumjibu hata salamu. Kisha akavuka. Walitoka pamoja, fundi akaachia boriti akawafuata mbio, na sakafu yetu ikaangukia ukumbini na kitanda, vikombe na ngoma.

Kanisa lilimweka mama pembeni miezi kadhaa kwa kuvunja kiapo, na mpaka leo jambo hilo linaniudhi kuliko linavyomuudhi yeye. Pale konani sasa pana ghorofa refu la kupangisha, lililojengwa haraka kwa msimu mmoja, kuta nyembamba hata unamsikia jirani akikohoa. Mama anaishi Bungoma. Kila redio inapotangaza kwamba jengo limeporomoka mahali fulani Nairobi, ananipigia simu kujua kama ni lile la pale kwetu. Safari moja nilimuuliza kama bado huomba baa zianguke.

"Tangu siku ile sijaomba kitu kianguke," akasema. "Naomba walio ndani watoke."