Kahawa Niliyoitia Kwenye Chauffage ya Tonton Zuberi

Mtoto wa dada yangu aliponyamaza ndani ya gari, wote walimshukuru Mungu.

Mimi peke yangu nilipaswa kupiga kelele. Nilichelewa.

Mnisamehe kama naandika kwa kusitasita. Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Hata chuoni mwalimu alikuwa ananiuliza, "Zaina, sauti umeiacha nyumbani?"

Tonton Zuberi, mdogo wake mama, alikuwa na taksi kuukuu iliyotufikia kutoka Ulaya ikiwa imeshachoka. Radiateur, ile ya maji ya kupoza injini, ilivuja. Mshale wa joto ukipanda, alifungua chauffage, kile chombo cha kupuliza hewa moto ndani ya gari, ili moteur, yaani injini, ipungukiwe joto.

Kisangani, jua la saa nane! Abiria walilalamika, "Papa, unatupika?"

"Nyamaza, mama. Kule Ulaya hii iko kitu ya wakubwa."

Joto walivumilia. Harufu ikawashinda.

Siku moja Tonton akaniita uani. "Zaina, weye unasoma physique. Tafuta hii harufu inatoka wapi. Bakiriya wananikimbia, hawapandi tena."

Nilifungua sanduku la hewa chini ya kioo cha mbele, nikatoa majani yaliyooza na panya aliyekaukia humo. Uvundo ukaisha. Ikabaki harufu nyingine, ya moshi, nayo ilikuja tu moteur ikiwaka na chauffage ikiwa wazi.

Hapo nilijua. Moshi wa moteur ulipenya mahali na kuvutwa ndani. Na katika moshi ule mna hewa ya sumu isiyonuka hata kidogo. Inakulaza, basi. Tuliisoma mwaka wa pili.

Lakini wanaume watano walikuwa wamesimama pale, pamoja na Timothée, soudeur wa mtaa, mchomeleaji wa vyuma. Mimi msichana niwaambie gari lisitembee?

Nikachukua kahawa ya kusaga na majani ya mchaichai, nikavifunga katika kitambaa, nikavisokomeza kwenye tundu la hewa.

Harufu ikafa.

"Université!" Tonton akanipigia makofi. "Muone mutoto wetu!"

Nikatabasamu, nikaangalia chini. Nilijiambia: nitamweleza kesho, tukiwa wawili.

Kesho yake nikasema kesho. Wiki ikapita hivyo.

Ulikuwa mwaka 2000. Majeshi ya kigeni yaliyokuja na uasi yakaanza kupigana yenyewe kwa yenyewe, katikati ya mji wetu. Mabomu yalianguka juu ya nyumba za watu.

Dada yangu Aziza alikuwa na siku tano tu tangu ajifungue. Tonton akatupakia: mama mbele, mimi na Aziza na kichanga nyuma. Tukabahatika kuvuka daraja la Tshopo, tukashika njia ya Banalia.

Kwetu mzazi hapigwi na upepo. Mama alifunga vioo vyote. Mshale ulipopanda, Tonton akafungua chauffage, na mama akafurahi.

"Leo ndio naona faida yake. Muzazi anapata joto."

Gari zima likanukia kahawa.

Baada ya kama saa moja, mtoto aliyekuwa akilia tangu mabomu akanyamaza. Aziza akaegemea bega langu.

"Wamelala," mama akanong'ona. "Mungu asifiwe."

Kichwa kilinigonga kama mtu anapasua kuni ndani yake. Mbele, Tonton alipiga miayo, gari likaelekea majanini, akalirudisha.

"Tonton..." Hakuna aliyesikia.

Nikamtikisa Aziza. Mkono wake ulianguka kama nguo iliyolowa.

"TONTON, SIMAMA! TUNAKUFA!"

"Zaina, nyamaza! Utaamusha mutoto!"

"Mama, hajalala!"

Mpini wa kufungulia kioo changu ulivunjika zamani. Miguuni kulikuwa na mchi wa mama. Nikaushika, nikapasua kioo.

Mama aligeuka akanizaba kofi. "Upepo itaua dada yako!"

Tonton akafunga breki. Nilitoka na mtoto, nikamlaza kwenye majani, nikampulizia pumzi, nikamsugua kifua. Mama alipomgusa miguu akaelewa. Akakaa chini, barabarani.

Aziza, ambaye Tonton alikuwa amemvuta nje, alizinduka kwanza, akatapika.

Mtoto alichelewa. Alichelewa sana. Kisha akakohoa, akalia kilio chembamba, na mimi nikalia kumzidi.

Tonton aliingia chini ya gari, akatoka na kiganja cheusi kwa masizi. Bomba la moshi lilikuwa na ufa karibu na sanduku la hewa. Alilizungushia bati la kopo la maziwa, akalikaza kwa waya, akafunga chauffage. Tukaendelea vioo wazi, Aziza amefunikwa pagne tatu za kitenge, tukisimama kila kijito kuipa radiateur maji.

Njiani wakaanza kunisifu tena. Nikashindwa kuvumilia.

"Nilijua," nikasema. "Tangu siku ile uani. Niliogopa kusema."

Mama akageuza uso dirishani.

Tonton akapunguza mwendo.

"Zaina, na mimi niliona ile ufa. Timothée alinionyesha, akasema tuichome. Nikamuambia, bon, ngoja kwanza. Zaina ameangalia hii gari yote, hajasema kitu. Kama iko hatari, angesema."

Ndugu zangu, harufu mbaya usiifunike kabla hujajua inakotoka. Na wewe uliyesoma, watu hawaamini maneno yako tu. Wanaamini hata ukimya wako, na wanapakia watoto wao ndani yake.