Pikapu ya Afande iliyonyimwa usingizi

Wakuu, heshima kwenu popote mlipo.

Haya nayasimulia kama nilivyoyaona. Anayetaka kubisha karibu, ila aje na multimeter mkononi, maana maneno matupu hayapimi volti.

Mimi ni fundi umeme wa magari, niko Jinja. Juzi kati nilipigiwa simu na dereva mmoja wa Mbale, tumwite Koplo Okiror. Kituo chao ni cha watu wa sare na sitakitaja, bado naipenda familia yangu.

Shida ilikuwa pikapu ya mkuu wa kituo. Kila asubuhi betri imekufa. Askari wanaisukuma, Afande amekaa mbele, vioo juu, kama bwana harusi.

Na Afande alikuwa ameshatoa hukumu: Okiror anaiba betri usiku, anaenda kuchajia simu za watu mtaa wa Namatala. Gari ikigoma tena siku ya safari yake Afande ya Jinja, anavuliwa cheo na kuwekwa ndani.

"Fundi, mimi nakufa," Okiror aliniambia. "Watoto yangu iko shule. Saidia mimi, bwana."

Nilimwonea huruma kweli. Nikaenda, nikalala mtaa wa Malukhu, asubuhi nikaanza kazi. Nikagundua umeme unaliwa kwenye control box ya milango na taa.

Kwa wasio wa fani: computer za gari zinaongea kupitia nyaya mbili, ndiyo CAN hiyo. Kila box ina chip ya kusikiliza nyaya hizo, inaitwa transceiver. Gari likitulia, chip inaingia sleep mode, na kupitia mguu wake mmoja, INH, inaizima voltage regulator, kifaa kinacholisha box volti tano. Output inashuka hadi sifuri, betri inapumzika.

Nikapima output. Volti tano.

Nikabadilisha regulator. Tano.

Nikabadilisha transceiver yenyewe. Tano zile zile, na jasho juu.

Nikapima INH, nikakuta iko juu, yaani ina umeme. Hapo nikaelewa kwamba regulator haina kosa, inatii amri tu. Chip haijalala kwa sababu kuna kitu kinaiamsha.

Nikapitisha nyaya za mita dirishani, nikafunga mlango, nikakaa nje juu ya jerikani. Mlinzi wa zamu akaenda kupanga foleni ya posho, yaani ugali, na maharage. Gari likatulia. Baada ya muda output ikaanguka yenyewe.

Sifuri! Nilitaka kucheza.

Mlinzi akarudi, mdomo bado unatafuna. Akafungua mlango wa pikapu, akachungulia chini ya kiti, akaubamiza, akapiga saluti. Alilipigia gari saluti, wakuu.

Volti tano.

"Ndugu, unafanya nini?" nikamuuliza.

"Ni amri," akasema. "Jeki ilipotea. Mukubwa alisema kila saa kidogo fungua, angalia, funga. Mchana na usiku."

Mlango ukifunguliwa, box inaamka na kuwaamsha wenzake wote. Kabla hawajasinzia vizuri, mlinzi huyo tena. Na mtu wa kufungwa ni Okiror!

Sasa nani amvike paka kengele? Okiror akatazama viatu vyake. Mlinzi akakumbuka ana kazi getini.

Nikaenda mimi. Nilikuwa naogopa, sifichi.

"Afande," nikasema, "gari hili lina mtambo mkali wa ulinzi. Likiguswaguswa linachoka. Mlinzi asimame mbali, aligeuzie mgongo, aangalie adui anakotokea."

Akafikiri. "Hiyo hata mimi nilikuwa nafikiri," akasema. "Hawa watu hapana jua security."

Jioni amri ikasomwa paredi: mtu yeyote asiguse gari.

Asubuhi ya safari Okiror akaenda kuliwasha. Mlinzi akamzuia kwa bunduki. Amri imesema yeyote, na dereva naye ni yeyote. Wakabishana mpaka Afande akatoka, akanyakua ufunguo, akawasha mwenyewe.

Likawaka mara moja. Okiror alifumba macho, nadhani alikuwa anasali.

"Munaona?" Afande akatuambia. "Betri haina shida. Shida ilikuwa discipline."

Okiror akarudishiwa ufunguo, cheo kikabaki mkononi. Nikapewa lifti hadi Jinja, na njia nzima Afande akanifundisha sleep mode. Nikawa naitikia ndiyo, Afande.

Somo nililolipata: kabla hujaitukana regulator, funga mlango, toka nje, subiri gari lilale kweli ndipo upime. Na uliza kwanza kama kuna mtu ameamriwa kuliamsha.

Mafundi wenzangu, nani kati yenu amewahi kutengeneza amri badala ya gari? Shusheni visa hapa.

Halafu kuhusu ile jeki. Wiki iliyopita Okiror alipeleka gunia la mchele nyumbani kwa Afande, akaikuta imeegemeza mlango wa banda la kuku.

Akaipigia saluti, akaondoka.