Udongo wa Mama

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nyumbani kwetu Ngamiani, mimba ya mama iliharibika kabla haijatimiza miezi miwili. Yapo ambayo sote tuliokuwapo, yaani mama, bibi mzaa mama na mimi, hatujawahi kuyabishania: asubuhi ile nilitumwa udongo wa kula dukani kwa Bi Mwanaidi, nikarudi nao, na kabla ya adhana ya adhuhuri mama alikuwa amelala, uso kaugeuzia ukutani. Kuhusu sababu, kila mmoja ana yake. Mama husema haikuwa riziki.

Bibi, Mungu amrehemu, alikuwa na sharti: mimba changa haitajwi. Siku arubaini ni tone, alisema, arubaini nyingine pande la damu, arubaini tena pande la nyama, ndipo roho inapopulizwa. Kabla ya hapo jicho la mtu hukifikia kiumbe kupitia ulimi. Kwa hiyo kila nilipotumwa udongo, ambao mama aliutamani kuliko chakula, niliagizwa niseme ni wa bibi.

Siku ile Bi Mwanaidi hakukubali.

"Bibi yako ale udongo kwa meno gani?" alicheka. "Hata bisi kaziacha. Sema kweli, mwanangu, ni wa nani?"

Nilipenda kusema kweli, na nilipenda zaidi kuonekana najua. "Wa mama," nikasema.

"Nilijua mie. Haya, mpelekee, mwambie namwombea salama." Akaniongezea kipande.

Jioni bibi alikifunga katika bafta kile kilichotoka, akakifukia uani, nyuma ya banda la kuku. Hakikusaliwa wala hakikupewa jina. Kisha akaniita.

"Ulimwambia nani?"

Nikamtajia. Hakunipiga.

"Basi," akasema. "Mama yako asijue."

Agizo hilo la pili nimelitii mpaka leo.

Baadaye nilisomea sheria, na kazi yangu ni kupima madai. Dai la bibi lina kasoro. Bi Mwanaidi aliwauzia udongo wajawazito wa mtaa mzima, hivyo kunituma tu kulitosha kuitoboa siri kabla sijafungua kinywa. Tena daktari amenieleza kwamba mimba nyingi zinazotoka mapema huwa na hitilafu tangu mbegu na yai vilipokutana: chembe moja huwa mbili, mbili huwa nne, na kosa lile hugawanyika pamoja nazo. Sioni hapo jicho linaingilia wapi.

Liko na jambo jingine. Nakumbuka alfajiri ile, kabla sijatumwa, mama alikuwa bafuni akifua kanga moja, naye hakuwa na desturi ya kufua kabla ya chai. Kama ilikuwa damu, basi mimba ilikwisha kuanza kutoka kabla ya neno langu. Lakini damu sikuiona. Niliona maji, na mgongo wa mama. Isitoshe, utotoni sikuwa na kumbukumbu hii. Imenijia ukubwani, ikiwa na manufaa kwangu. Shahidi wa namna hiyo ningemhoji mpaka atamani kuketi. Anayeweza kuithibitisha ni mama peke yake, na kumwuliza ni kumwambia kuwa siri niliitoa mimi.

Sasa mimi mwenyewe niko wiki ya nane. Kwenye kioo cha mashine niliona kitu cha ukubwa wa punje ya harage, na katikati yake pakipapatika. Daktari akasema ni moyo. Juzi mama alinipigia simu.

"Mbona sauti imechoka, mwanangu? Wala?"

"Nala, mama. Ni kazi tu."

Mume wangu anajua. Zaidi yake, hakuna. Najiambia nasubiri miezi mitatu ipite, kama wafanyavyo watu wengi wasioamini chochote. Lakini udongo ninaoutamani naufuata mwenyewe, mtaa wa mbali nisikojulikana, na muuzaji akiniuliza ni wa nani, nasema ni wa bibi.

Nimekuwekea mbele yote niliyonayo, yanayonitetea na yanayoniumbua. Mimi siwezi kuwa mshitakiwa, shahidi na hakimu wa shauri moja. Amua wewe: nimwulize mama juu ya ile kanga, au ninyamaze mpaka huyu azaliwe?