Mbao za Mama Mkwe Zilikosa Pumzi

Fundi Subiri ukimpita njiani hakujui kwa sura. Anakujua kwa viatu. Jamaa anatembea anaangalia chini kama kadondosha kitu, na akiingia nyumba ya watu anaisalimia sakafu kwanza, mwenye nyumba baadaye. Hata mchumba wake walikutana hivyohivyo. Dada wa watu kaingia ofisini kwao na visigino virefu, ko ko ko, Subiri kapiga magoti pale anapiga msasa, akapayuka: "Dada, hivyo si viatu, hizo ni silaha! Vua, utaniua!" Dada akavua. Wakaanza kuchati. Mengine ni historia ya watu wawili na emoji nyingi mno.

Kazi yake ni sakafu za mbao ngumu. Na usimwambie "hata kwetu zipo" kumbe ni zile za kubandika, juu picha ya mbao, chini chengachenga. Atakuangalia kama umemtukania mama yake. Yeye anataka ubao ambao ni mti kuanzia juu mpaka chini, ubao ambao ukichakaa unaupiga msasa unarudi kuwa msichana, na wajukuu zako watakuja kuukanyaga. Jina la Subiri wamempa wateja. Kila wakimuuliza sakafu inaisha lini, jibu ndilo hilo.

Sasa balaa likaja pale sakafu ilipotakiwa sebuleni kwa mama mkwe mtarajiwa.

Huyu mama, jamani, anafunika kila kitu. Makochi yana nailoni tangu yatoke dukani, ukikaa yanalia kwachu kwachu. Rimoti ya TV iko ndani ya mfuko, imefungwa na mpira wa nywele. Akamwita Subiri, akamkalisha kwenye kochi, kwachu, akasema:

"Mwanangu, Jumamosi dada yangu mkubwa anakuja kukuona. Mtu akitaka kuoa kwetu, yeye ndiye anasema ndiyo au hapana. Na kwake kaweka sakafu ya mbao, fundi kaimaliza siku moja tu. Siku moja! Mimi nitaficha wapi uso wangu?"

"Mama, ubao lazima ukae kwanza ndani ya chumba utakapolala. Uzoee hewa ya hapa. Ukiupigilia haujazoea, unavimba au unasinyaa."

"Kwani ubao ni mgeni, uzoee nyumba?"

"Ni mgeni kabisa, mama. Na mgeni mwenye kisirani."

Basi mama kakubali kwa shingo upande. Mbao zikaletwa, Subiri akazipanga sebuleni na vijiti katikati ili hewa ipite, akaondoka zake akipiga mluzi. Familia nzima wakawa wanaziruka kwenda jikoni. Mchumba akawa anazipiga picha na kumtumia: "Wageni wako wameamka salama 😂."

Kilichomponza ni kuangalia zile picha kwa macho ya mapenzi. Hakuona kinachometameta.

Ijumaa asubuhi kafika na nyundo zake. Akasimama mlangoni. Akashika kichwa. Mbao zote zimefungwa nailoni, zimekazwa kwa selotepu, kona kwa kona, kama zawadi.

"Mama... nani kafanya hivi?"

"Mimi! Siku ileile ulipoondoka. Vumbi, mwanangu. Mgeni anafunikwa shuka, au siyo?"

Subiri akachana kidogo, akatoa kadude kake ka kupimia unyevu, kenye meno mawili ya chuma, akakachomeka kwenye ubao. Namba ikapanda. Zilikuwa na unyevu uleule ambao zilitoka nao karakana. Hazikuwa zimevuta pumzi hata moja ya ile nyumba.

Mchumba akamvuta pembeni. "Baba, pigilia tu. Kesho mama mkubwa anaangalia, anasema ndiyo, mengine tutajua mbele."

Subiri akamwangalia. Akaziangalia mbao. Akamwangalia tena, mrembo kweli.

"Siwezi."

"Kwa hiyo unachagua mbao?"

"Nachagua sebule ambayo haitamtukanisha mama yako mwakani."

Mama mkwe akasikia. Akaanza kuchana nailoni, mtu unamsikia anavyovuta pua.

Jumamosi mama mkubwa kaingia, mkoba kwapani, shingo juu. "Sakafu iko wapi?"

"Shikamoo, mama," akasema Subiri, sauti nyembamba kama uzi. "Ndiyo hiyo. Imekaa... inapumua. Karibu uikalie."

Mama mkubwa akakaa juu ya mbao. Akakunja mdomo. "Hukumaliza?"

"Nilishindwa kukudanganya."

Mama mkwe kafumba macho. Halafu mama mkubwa akashusha mabega.

"Yangu ya siku moja," akasema, "imefunguka nyufa. Imeshameza hereni, sindano, na juzi kijiko cha chai. Baba wa nyumba sasa anaogopa kuvua pete." Akamgeukia mdogo wake. "Huyu msimwachie. Na akimaliza hapa, aje kwangu akakitoe kijiko."

Mama mkwe alicheka mpaka kochi likapiga kelele bila kukaliwa. Au labda ni mchumba aliyelirukia, nani alijali.

Mbao zilipozoea, Subiri akazilaza juu ya papi alizopigilia chini kwanza, ulimi wa ubao huu ndani ya mfereji wa ule, misumari imejificha, pembeni mwa ukuta akaacha uwazi mdogo.

"Hapa mbao zimekuishia?" mama akauliza.

"Hapo zitatanukia, mama, halafu naziba na ubao mwembamba."

Siku sakafu ilipokamilika, mama akatokea na robota jipya la nailoni. Subiri akafungua mdomo.

"Najua, najua! Inapumua!" Akalitupa nje. Akaifungua ile rimoti, akavuta mfuko. "Na hii nayo ipumue." Akapandisha muziki mpaka vioo vikatetemeka, akavua kandambili, akaanza kuzunguka. Mama mzima! Subiri kalala chini, sikio kwenye ubao, anasikiliza kama kuna unaolia. Hakuna.

"Wewe! Nakuuliza, harusi lini?" mama akampigia kelele.

"Kesho!"

"Subiri kwanza," akasema mama, akamruka, akaendelea kucheza.