Kocha wa American football alikuja "kuposa" mtoto wetu Buffalo, mimi nikafanywa mshenga wake

Wakuu, nawasalimu kutoka Okolona, huku kusini mwa Louisville, mtaa wa maghala na malori.

Ninachosimulia ni kweli tupu. Shemeji yangu Prosper ni member humu na anasoma kila uzi, kwa hiyo nikiongeza chumvi ataniumbua kabla hamjafika comment ya tatu.

Niwatambulishe wahusika kwanza, ni wachache.

Mimi ni Mtanzania, mtu wa Morogoro. Mke wangu Furaha ni Mkongo wa Bukavu. Kaka yake ndiye huyo Prosper, anaishi Linden kule Columbus, anafanya kazi ya kutunza wazee. Dada yao mkubwa tunamwita Mama Héritier, yupo Black Rock, Buffalo, anafanya kazi kiwanda cha mikate na anamlea peke yake kijana wake, Héritier.

Huyo Héritier ana miaka kumi na tatu lakini ni pande la mtu. Viatu vyake mimi nikivaa vinanipwaya.

Sasa ninyi mnajua Wakongo na mpira wa miguu. Kanisani kwao Buffalo kuna timu ya vijana, na kila mzazi anaamini mwanae atachezea Ulaya. Héritier alikuwa benchi. Siyo benchi ya kusubiri zamu, benchi ya kutunza maji na mabegi ya wenzake. Mtoto mzito, akigeuka na mpira mwenzake ameshafunga na kushangilia.

Siku moja Mama Héritier akatupa voice note kwenye group la familia: kocha wa mtaani kwao anamtaka Héritier acheze tackle football, ile ya kuvaa helmet na kugongana. Na huyo kocha ameomba kuja nyumbani kuzungumza.

Group likalipuka.

Prosper ndiye alikuwa mkali kuliko wote, na sababu anayo. "Kule kazini niko na muzee moja," alisema, "namuoshaka kila asubui. Alichezaka ile mpira miaka mingi. Leo hajue jina ya bibi yake, ule alioaka. Sasa munataka mutoto yetu naye agongwe kichwa? Juu ya nini?"

Mimi si daktari, sijui ya yule mzee ni mpira au ni umri. Lakini sauti ya Prosper ilinikaa. Mtu anayekuosha uso kila siku anaona mambo ambayo sisi hatuyaoni.

Kumbe na kocha naye alikuwa na shida yake. Timu ilikuwa inamfia mikononi. Wazazi wa Kimarekani wenyewe siku hizi wanawatoa watoto, wanawapeleka soccer, basketball, kuogelea. Amebakiwa na vijana wachache, na asipopata wengine hakuna msimu. Ndiyo maana alipomwona Héritier amebeba mabegi ya wenzake mawili mawili kila bega, roho yake ilitulia.

Mama Héritier akamjibu kama Mkongo yeyote angejibu: karibu, familia itakupokea.

Maskini kocha alielewa anakuja kusaini karatasi, dakika tano, aondoke.

Prosper akaitisha kikao. Na hapo ndipo alipotoa wazo ambalo mpaka leo namheshimu nalo. Alisema mgeni hakataliwi mlangoni, ni aibu. Lakini kuna njia ya kumkataa mtu kwa heshima, nayo tunaijua wote: akija kama mposaji, mpokee kama mposaji. Mpe taratibu, mpe faini, mpe masharti, mpaka achoke mwenyewe.

"Na mposaji lazima akuwe na mushenga," akasema. "Shemeji, weye Kingereza yako iko muzuri. Utamusemea."

Wakuu, mkwe hana kura. Nikakubali.

Tukatoka Louisville mimi na Furaha, tukampitia Prosper Columbus. Akatoka na suti kwenye hanger, akaining'iniza dirishani nyuma, safari nzima sioni gari za upande ule. Tulipopita Cleveland akanigusa bega akanipa maelekezo ya kazi.

"Shemeji, useme vizuri. Lakini usiseme vizuri sana."

Tulipofika Black Rock nyumba imejaa. Viti vimepangwa ukutani, sombe, yaani kisamvu, inanukia mpaka barabarani, watu wa kanisani wamevaa kama Pasaka. Kikao cha mtoto mmoja kucheza mpira!

Kocha akafika na kaptula. Filimbi shingoni.

Tumwite Coach Ray. Mtu mzima, mstaafu, kitambi cha heshima. Nikamwahi barazani nikamweleza: usikae mpaka uambiwe, usiongee moja kwa moja, mimi ndiye mdomo wako. Akachungulia ndani, akaona Prosper na suti yake, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Am I in trouble?"

Nikamwambia bado.

Tukabisha hodi. Kimya. Tukabisha tena. Kimya, na tunawasikia kabisa wanacheka. Mara ya tatu ndiyo tukafunguliwa, na hapo hapo Prosper akatupiga faini ya kuja mikono mitupu. Nikamtafsiria kocha. Kocha akafikiri, akarudi kwenye pickup yake, akaja na katoni ya vile vinywaji vya rangi rangi vya wachezaji, akaiweka katikati ya sebule.

Vigelegele! Mzee alikuwa anajifunza haraka.

Nikasimama sasa kuzungumza. Nikaanza vile tunavyoanza kwetu: tumepita njiani, tumeona jogoo mzuri kwenye boma hili, tumeuliza ni wa nani. Wazee wakaitikia. Nikaona wamenipa masikio, na mimi nikipewa masikio najisahau. Nikamsifu kocha, nikasifu ukoo wake ambao siujui, nikaeleza kwamba mtu aliyeacha kiti chake cha ustaafu kuhangaika na watoto wa wenzake si mtu wa kurudishwa mlangoni. Furaha akaanza kupiga makofi. Prosper ananikodolea macho.

Nilikuwa nimesema vizuri sana.

Kwa utaratibu, anayeposwa huitwa aulizwe kama anawafahamu wageni. Héritier akaitwa kutoka chumbani. Akasimama pale kichwa kinakaribia taa.

"Unamujua huyu mugeni?" Prosper akauliza.

"Yeah. That's Coach."

"Sema Kiswahili."

"Ndiyo, namujua."

"Na unataka kuenda naye juu ya nini?"

Watu wakacheka, wakisubiri mtoto naye acheke. Hakucheka. Akaangalia soksi zake.

"Kwa mpira ya kanisa banasemaka niko muzito," akasema. "Coach alisema uzito yangu iko ya maana. Yeye njo alinitaka."

Wale wazazi wa timu ya kanisa walikuwemo humo humo. Miaka yote tunajisifu sisi ni watu wa mpira, na hakuna aliyekuwa amemuuliza huyu mtoto anajisikiaje kubeba mabegi ya wenzake.

Prosper akakohoa.

Ndipo Mama Héritier akafungua mdomo. Tangu tuingie alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni, aproni bado kiunoni.

"Shemeji, umuulize. Yeye iko na mutoto mwanaume?"

Nikauliza. Kocha akasema ana binti mmoja tu, ila binti ana mtoto wa kiume, Tyler, rika moja na Héritier.

"Bon. Ule mujukuu, anachezaka ile mpira?"

Nikatafsiri. Kocha akaangalia katoni yake. Akashika filimbi, akaiachia.

"No, ma'am," akasema. Halafu taratibu akasema binti yake hataki. Amembembeleza miaka, hataki. Tyler anaogelea.

Prosper alinyanyuka kitini kama goli limeingia. Ameshinda! Akanyoosha mkono kuelekea kwa kocha, tayari kutoa hukumu.

"Ikala, Prosper," dada yake akamwambia, yaani kaa. Akakaa, na suti yake.

Mama Héritier akamsogelea kocha. Mimi nilidhani anamfukuza. Kumbe alimfungulia chupa moja ya vile vinywaji vyake mwenyewe akampa mkononi.

"Binti yako haiko mubaya," akasema, na mimi natafsiri mbio mbio. "Haiko mujinga. Iko mama tu. Anaogopa kitu ile mi naogopa. Donc, kama weye ulishindwa kumugeuza ule ulizaa, mi utanigeuza namna gani?"

Kocha akacheka. Akacheka mpaka akafuta macho, na sidhani kama yote yalikuwa ya kucheka.

"Lakini mutoto yangu unamupenda," mama akaendelea. "Niliona. Kuko aina ingine ya ile mpira, kusiko kugongana?"

Kabla kocha hajajibu, Héritier akasema mwenyewe, "There's flag, Ma."

Kwa wasiojua: flag ni mpira ule ule wenye umbo la yai, lakini kila mchezaji ana vitambaa kiunoni. Ukimchomoa mwenzako kitambaa, amekwisha, anasimama. Hakuna kuangushana.

Uso wa Coach Ray mngeuona! Baadaye aliniambia maisha yake yote aliuita ule mchezo wa picnic. Lakini alimwangalia Héritier, akawaangalia watoto wengine wa Kikongo waliojazana kwenye ngazi wakichungulia, akameza mate.

"Hii njo mahari yangu," Mama Héritier akamaliza. "Ukuye na mujukuu yako. Wangu atacheza kama wako anacheza. Tutalinganisha batoto."

Tukala sombe. Kocha akarudia sahani. Wakati wa kuagana barazani Prosper akaninong'oneza, "Nilikuambia usiseme vizuri sana." Lakini mkono wake ulikuwa begani kwa Héritier, na haukutoka hapo mpaka tunawasha gari.

Sitawaficha, ile timu ya tackle haikupona. Waliobaki walihamia timu ya mtaa mwingine. Kocha aliumia, na mimi niliumia kwa niaba yake, maana mshenga anabeba na ya mteja wake.

Ila kilichofuata ni hiki. Binti yake, anaitwa Jen, alisikia baba yake amefanyiwa nini Black Rock, akasema anataka kumwona huyo mama. Wakaonana. Lugha hawaelewani vizuri, lakini kwenye suala hili hawakuhitaji mtu wa kutafsiri.

Hali ya hewa ilipopata joto tukaenda Buffalo tena kuangalia mechi ya kwanza ya timu mpya ya flag ya Coach Ray. Nusu ya timu ni watoto wa lile kanisa, wasichana kwa wavulana. Tyler yumo, mwembamba, mbio kama swala. Na Héritier wetu? Mbio bado hana. Lakini ana mikono mirefu ya ukoo wa Prosper. Anasimama tu katikati, anayepita karibu yake anafika mbele hana kitambaa. Na benchi mabegi anabeba mwingine. Hapana, natania, kila mtu anabeba lake, hiyo ni sheria Héritier mwenyewe aliomba iwekwe.

Sasa sikilizeni kituko. Mtoto mmoja wa timu pinzani akamponyoka Héritier. Mama Héritier, yule aliyekusanyiwa watu wa miji mitatu ili mtoto asiguswe, akaruka kutoka kwenye kiti.

"Umuangushe! Umuangushe chini! Umulalie!"

Coach Ray akageuka. "What did she say?"

"Anawatakia watoto wote mchezo mwema," nikamwambia.

Jen alikuwa pembeni yake, naye anapiga kelele za Kiingereza ambazo sikuhitaji kumtafsiria baba yake. Walipotazamana wakaona aibu, wakakaa chini, wakagawana karanga.

Nilichojifunza, wakuu, ni kidogo tu. Huku ugenini tunadhani sisi ndio waoga na wenyeji ndio wanajua. Kumbe mama wa Black Rock na mama wa kizungu wanalala na hofu moja. Na la pili, mtoto akililia mchezo, uliza kwanza nini kinamliza. Wetu hakuwa analilia kugongana. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia anafaa.

Nimeleta uzi huu leo kwa sababu nahitaji ushauri wenu.

Wiki iliyopita Héritier kamwomba mama yake acheze tackle atakapoingia high school. Mama akajibu, "Enda kwa mama ya Tyler. Yeye akikubali, na mi nakubali." Tyler naye kamwomba Jen. Jen akajibu amuulize Mama Héritier kwanza, yeye akikubali hana neno.

Watoto wamezungushwa hivyo mpaka wamegundua mchezo.

Jana jioni simu yangu ikaita, message imetoka kwa wote wawili, na picha wamevaa kaptula na filimbi shingoni. Imeandikwa: "Tonton," yaani mjomba, "we need a mshenga."

Haya wakuu, wenye watoto na wasio nao, nikubali kazi au nizime simu? Na wewe Prosper, najua unasoma, usianze na kukanusha. Anza kwa kutuma picha ya ile suti.