Dereva Aliyenishusha Kidahwe

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya bima mjini Kigoma niliingia na viatu vinavyobana na ndoto kubwa kuliko cheti changu cha kidato cha nne. Nilimwambia meneja nimekuja kuwauzia watu usalama. Akacheka. "Dada, hapa tunauza ahadi. Ukiahidi, ulipe."

Nikapelekwa Kasulu, nikarudishwa Kigoma, na meneja wa tatu, mama mkali asiyevumilia chai ya baridi, akanikabidhi madereva wapya wa malori. Ninyi vijana mjue, dereva mwenye leseni mbichi kampuni humwogopa. Tajiri akitaka bima kubwa, ile inayolipa hata lori lake mwenyewe likipata ajali, lazima dereva akubaliwe kwa jina. Kwa hiyo kila dereva nilikuwa nikipanda naye safari moja, nikamtazama, kisha nikatoa neno langu.

Mmoja wao, Yasini wa Kasingirima, alikuwa ameoa juzi tu. Tajiri wake, mfanyabiashara wa Ujiji, alishamwambia: nikimkataa, arudi kubeba magunia. Tulishusha saruji Kidahwe, kijiji cha nje ya mji, tukapakia muhogo. Wakati wa kwenda aliendesha kwa adabu mpaka nikasinzia.

Tukiwa tunataka kuondoka, wakaja wanawake wawili wamemshikilia mwenzao, uchungu umemkaza.

"Mwakeye, baba," mkubwa wao alimsalimu. "Tupeleke hospitali mjini. Tumpandishe juu ya magunia, tutamshika."

"Juu hapandi mtu, bibi. Akidondoka nitamwambia nini mumewe?"

"Mbona wenzako wanapandisha?"

"Nawajua."

Akanigeukia, jasho linamtoka. "Mama, kiti cha pembeni bima yake ni ya mtu mmoja, sio?"

"Mmoja tu."

"Basi naomba ushuke."

"Unajua mimi ndiye wa kukukubali au kukukataa?"

"Najua, mama. Shuka taratibu, hapo pa kukanyagia pana matope."

Nikashuka. Lori likaondoka na mzazi kitini, nasi watatu tukabaki barabarani tukilitazama. Nilirudi mjini kwa bodaboda, mishikaki, sote watatu tumepangana nyuma ya dereva mmoja kinyume cha sheria, yule bibi katikati akinibana mbavu na kumwombea Yasini dua njia nzima.

Kesho yake meneja akauliza, "Anaendeshaje?"

"Kwenda, vizuri. Kurudi sijui, alinishusha."

Akaweka kikombe chini, nikamsimulia yote.

"Na wewe ulirudije?"

"Bodaboda. Mishikaki."

"Yeye mpe bima," akasema. "Wewe ndiye ningekunyima."

Mama yule alijifungua salama, mtoto wa kike. Mimi nimestaafu, na kati ya wote niliowakubali, nikiulizwa kazi yangu ilikuwa nini, namtaja Yasini kwanza. Siku hizi anaendesha semi. Akiniona barabarani hupiga honi, nami natembea shingo juu kama vile semi lile ni langu.