Siku Niliyowatangaza Wote Marehemu

Chama chetu cha kuzikana kina wanachama kuanzia Lushoto mjini hadi Mlalo, Waislamu kwa Wakristo. Mimi ndiye katibu wao, na kwa kuwa nilisomea kompyuta niliwatengenezea ukurasa wa mtandaoni. Kila mwanachama alikuwa na mstari wake kwenye jedwali: jina, simu ya ndugu, na hali yake, hai au marehemu. Ungeweza kubadilisha mistari mingi kwa mpigo, kisha ukabonyeza kitufe kimoja cha kuhifadhi, na ndugu wa marehemu wakapata ujumbe papo hapo. Nilikionea fahari kitufe kile.

Asubuhi moja alifariki seremala mmoja mzee wa Mlalo. Mwanawe alinipigia kunijulisha kuwa mazishi ni baada ya sala ya alasiri. Nikabadilisha mstari wa baba yake, nikahifadhi, nikaenda kubandika chai.

Maji hayajachemka, simu ikaita. Alikuwa mjomba wangu.

"Mpwa wangu, hivi mimi nimekufa lini?"

Nyuma yake nilimsikia mkewe akilia kwa Kishambaa, na majirani wakiingia.

Nikakimbilia kompyuta. Mistari yote ilisomeka marehemu. Nilipokitengeneza kitufe niliiagiza kompyuta ihifadhi hali mpya, nikasahau kuiambia ni ya nani, na huu ndio ulikuwa msiba wake wa kwanza. Nayo ikawapa wote. Kila nyumba ilikuwa imepokea salamu za rambirambi kwa mtu aliye hai.

Badala ya kutulia, niliwarudisha wote kuwa hai kwa kitufe kilekile, nikatuma ujumbe mwingine kwa simu zote: "Tangazo la msiba lilikuwa kosa. Tafadhali lipuuzeni." Nikashusha pumzi. Sikukumbuka kwamba kati ya simu hizo ilikuwemo ya nyumba yenye msiba wa kweli.

Jioni mwenyekiti akanieleza yaliyotokea. Wanachama waliokwisha kusikia msiba na kuanza safari ya Mlalo walipigiwa na ndugu zao, wakasomewa ujumbe wangu, wakageuza. Makaburi ya kule yako juu, njia ni ya mlima mtupu, na jeneza hupanda kwa kupokezana mabega. Siku hiyo mabega yalikuwa machache. Watoto wa marehemu na majirani wawili watatu walipanda nalo bila wa kuwapokea.

Kesho yake nilikwenda kwao Mlalo. Mjane alikuwa ameketi chumbani, ameshaanza eda, dada yake pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nilipiga magoti mkekani, nikaanza kueleza: kompyuta, mistari, haraka yangu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kuwa ya kijinga. Aliniacha nikamaliza.

"Ule ujumbe wa pili nilisomewa na binti yangu," alisema taratibu. "Nikajua wamekosea. Lakini nilirudi ndani alikolazwa, hata hivyo. Nikamfunua uso, nikamwita."

Dada yake akanisogezea kikombe cha chai. Nilishindwa kukinywa, nikashindwa na kukikataa.

Ukurasa niliurekebisha: sasa kila badiliko huenda na namba ya mwanachama wake, na kabla ya kutuma chochote hunitajia majina, moja moja. Nilitaka kujiuzulu, wanachama wakakataa. Mjomba alikwisha kulifanya jambo lile kuwa hadithi ya kuchekesha watu sokoni.

Siku ya arobaini walifika wengi, ua ukajaa, kama vile wanalipa deni langu. Wakati wa chakula mzee mmoja akapaza sauti, "Katibu, hebu niangalizie, leo niko hai?" Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Kisha nikamwona mtoto mkubwa wa marehemu, amesimama mbele yangu na birika la maji, akisubiri ninyooshe mikono aninawishe.